Mvua za Mwaka wa Tatu

Jumapili, 28 Novemba

Mvua imeanza. Kwanza matone makubwa machache juu ya bati, ikanyamaza kana kwamba imesahau ilichojia, kisha ikamwagika yote kwa pamoja. Watu walikuwa bado njiani kutoka kanisani. Niliwasikia wakikimbia na kucheka, ile mikeka ya kiunoni tunayovaa kwa heshima ikiwapigapiga mapajani.

Huu ni mwaka wa tatu nalala katika chumba cha mbele cha nyumba ya mdogo wangu Manase. Ugonjwa ulianzia vidoleni, ukapanda viwikoni, ukashuka magotini, na sasa umekaa kiunoni kama mgeni asiyesoma uso wa mwenyeji. Daktari wa Nukualofa, mji wetu mkuu, alisema hauui haraka wala hauponi. Vidonge huupunguza makali tu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na katika kupiga gome la mti mpaka liwe kitambaa hapakuwa na mwanamke wa kijiji hiki aliyenipita. Leo kalamu naibana kati ya vidole viwili vilivyokunjika, kama ukucha wa kuku. Mchungaji Fangupo ndiye aliyeniambia niandike msimu huu. Alisema nimwandikie Mungu yale ninayoona haya kuyasema kwa sauti. Nikamjibu nitajaribu, mkono ukikubali.

Mchana Talita, mke wa Manase, alinilisha majani ya magimbi yaliyofungiwa nyama na tui, moto moto kutoka tanuri la ardhini. Alinilisha bila kusema neno. Ndivyo alivyo. Hunigeuza, huniosha, hunisafisha, na uso wake umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Mimi ni wifi yake, dada wa mumewe, na kwetu dada wa mume huheshimiwa kuliko mume mwenyewe. Hawezi kunikataa. Mara nyingi najiuliza angefanya nini kama angeweza.

Jumanne, 30 Novemba

Mkono haukubali.

Jumamosi, 4 Desemba

Manase amerudi na mashua kutoka mji wa Pangai, ameniletea vidonge vya mwezi. Nilimsikia akikohoa chini ya dirisha langu mara mbili. Ndiyo salamu yake. Nami nikakohoa. Kisha akaondoka kwenda kulala kibandani, kando ya jiko.

Tangu nilipoletwa hapa hajakanyaga chumba hiki, ingawa kila nguzo yake aliisimamisha yeye. Kaka na dada wakishakua hawakai chini ya dari moja, na kitanda cha dada ni mahali ambapo jicho la kaka halifiki. Tulilelewa hivyo na sijawahi kuona vibaya. Anavuka bahari kila mwezi kwa ajili yangu, lakini uso wake nauona kanisani tu, nikibebwa kwenda, nao ni uso wa upande.

Ijumaa, 10 Desemba

Kalolaine alikuja leo na akina mama wa maombi. Kalolaine ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa kwaya, na sasa ndiye kiongozi wao. Waliimba mpaka ukuta ukatetemeka. Baada ya maombi wenzake walitoka, yeye akabaki. Alinishika mikono, akanibusu viganja, akaniambia ameota. Ameniona, asema, Jumapili ya kuhitimisha Juma la Maombi mwezi wa Januari, nikitembea mbele ya kwaya nimevaa nyeupe, na mikono yangu imenyooka.

Nikamwambia ndoto ni ndoto.

“Si ndoto ya kushiba,” akasema. “Nilikuwa nimefunga. Losaline, umesubiri miaka mitatu. Unadhani Mungu hahesabu?”

Nimelia jioni nzima. Si kwa furaha. Nilikuwa nimeshajizoeza kutotumaini, na ilinichukua muda mrefu kujizoeza.

Jumapili, 12 Desemba

Kijiji kizima kinaijua ile ndoto. Wanaopita hunipungia mkono dirishani kama mtu anayejiandaa kusafiri.

Jumatano, 15 Desemba

Mvua kutwa. Magoti yanauma.

Jumamosi, 18 Desemba

Nilimsikia Talita akizungumza na mumewe uani. Manase alimuuliza kama amesikia habari ya Juma la Maombi. Talita akajibu kwamba masikio anayo. Manase akauliza kama anaamini. Talita akasema, “Mimi ninafua mashuka yake. Mambo ya ndoto waulize walioota.”

Nimekasirika mpaka meno yananiuma. Kumbe ndani ya nyumba ninayoombewa kuna mtu asiyetaka nipone. Au ameshazoea kuonewa huruma na kijiji: maskini Talita, mbeba mzigo. Nikipona, ataonewa huruma kwa lipi?

Jumamosi, 25 Desemba

Watoto wawili wa Manase na Talita walipiga simu kutoka Auckland, ng’ambo. Nilisikia Talita akicheka kwenye simu ya jirani. Sikujua kwamba ana kicheko kikubwa namna hiyo.

Jumanne, 28 Desemba

Kalolaine amenipimisha gauni jeupe. Ameshona mwenyewe, na shingoni ametia lesi. Alipoona Talita ananiwekea vidonge ulimini alisubiri mpaka ametoka, kisha akaniambia kwa upole kwamba anayejitayarisha kupokea hapokei kwa mkono uliojaa. Mshika mbili moja humponyoka. Petro, akasema, alipotoka chomboni hakushika kamba.

Nikamuuliza, na akizama?

“Alizama alipotazama mawimbi,” akasema. “Wewe usitazame.”

Jumatatu, 3 Januari

Juma la Maombi limeanza. Kengele inalia kabla ya jua na tena jioni. Tangu jana navificha vidonge shavuni, na Talita akigeuka navitema na kuvisukuma chini ya godoro. Naomba kama mtoto. Nimemwambia Mungu kwamba akininyoosha vidole viwili tu, vya mkono wa kulia, vinanitosha.

Alhamisi, 6 Januari

Maumivu yamezidi. Kalolaine anasema ni ya kuaga.

Jumatano, 12 Januari

Naandika kidogo kidogo, nikipumzika. Lazima niandike.

Jumapili walinivisha gauni jeupe, wakanibeba kwenye kiti mpaka kanisani na kuniweka mbele, chini ya mimbari, nikawaelekea watu. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mvua ilikuwa imekatika na joto lilikuwa la kuchemsha. Mchungaji Fangupo alihubiri kwa ufupi. Naamini hakuipenda shughuli ile, lakini hakuwa na ubavu wa kuwazuia akina mama. Kisha kwaya ikaimba, Kalolaine akaja akasimama mbele yangu na kuninyooshea mikono. Aliniambia, kwa jina la Yesu, simama.

Nilijaribu. Mungu wangu, wewe uliona kwamba nilijaribu. Nilisukuma viwiko kwenye mikono ya kiti, nikaliinua hili lililobaki la mwili wangu, na kwa muda mfupi nilikuwa nimesimama kweli, maana nilisikia watu wakivuta pumzi. Kisha goti la kushoto likakunjika. Nilianguka kifudifudi kwenye mikeka. Gauni lilipanda. Nilisikia mlio wa mfupa wangu au wa kiti, sijui.

Kwaya ikanyamaza. Hakuna aliyejua la kufanya, maana hakuna aliyekuwa amefikiria hivyo. Kalolaine alipiga magoti akaniinamia, machozi yanamtiririka, akasema, na watu wa viti vya mbele walisikia, “Losaline, kuna kitu umekificha. Kiseme tu, mpenzi wangu. Kiseme kitoke.”

Hapo nikasikia nyayo. Hazikuwa na haraka. Talita alitoka kwenye viti vya nyuma, akapita katikati ya kanisa, akanishushia gauni miguuni. Hakunivuta niinuke. Aliketi sakafuni karibu yangu, akakiweka kichwa changu pajani pake kama tuko nyumbani, akamtazama Mchungaji.

“Wifi yangu ameshakaa,” akasema. “Endeleeni na ibada.”

Na wakaendelea. Wimbo wa mwisho niliusikiliza nikiwa pajani pake. Nililitazama tumbo lake likipanda na kushuka. Alikuwa anatetemeka, na sauti yake ilikuwa imetulia vile.

Jumamosi, 15 Januari

Homa. Viungo vyote vinawaka. Leo Talita alinyanyua godoro ili alisafishe, akaviona vidonge. Vilikuwa vimelowa na kushikana. Alivikusanya mkononi akavitazama kwa muda mrefu. Nilifumba macho nikisubiri matusi.

“Mwezi wa kumi na moja bahari ilikuwa mbaya,” akasema. “Mashua nyingine zote ziligoma. Manase alikwenda.”

Basi. Akaenda kuvitupa, akaleta vipya, akakaa akinitazama mpaka nimemeza.

Jumatano, 19 Januari

Mvua. Sikusali.

Ijumaa, 21 Januari

Akina mama hawaji tena. Kalolaine hupita barabarani bila kugeuza shingo. Najua wanalolisema, maana na mimi niliwahi kulisema juu ya wengine: ugonjwa mrefu una mzizi. Nimejichimba mpaka nimechoka. Dhambi ninazo, lakini ni ndogo ndogo na za kawaida, kama za watu wote wanaotembea kwa miguu yao.

Mchungaji alikuja. Nilimwambia wazi kwamba siwezi kusali, nikianza najiona tena kifudifudi mbele ya watu. Nilimuuliza kwa nini Mungu alinyamaza siku ile. Alivua miwani akaifuta.

“Chuoni tulifundishwa majibu mengi, mama,” akasema. “Hilo lako hatukulifikia.”

Nilicheka. Sikukusudia. Naye akacheka, kisha akaniomba msamaha kwa kuwa aliwaachia waniweke mbele. Aliniambia kama siwezi kusali nisijilazimishe. Kanisa litanisalia, ndiyo kazi yake. Sijui kama nilifarijika. Lakini nililala.

Ijumaa, 28 Januari

Leo alfajiri, jogoo wameshawika, nilimsikia Talita nyuma ya jiko. Alidhani nimelala. Nilifikiri anazungumza na Manase, kumbe anasali. Sala yake haina maneno ya kanisani. Ilikuwa hivi, sijaongeza kitu: “Bwana, nimechoka naye. Mgongo wangu unauma na sina hamu ya kumwona. Nipe nguvu za leo. Za kesho nitakuja kuziomba kesho.”

Kisha nikasikia akiwasha moto, akaja na maji ya kuniosha. Uso wake ulikuwa ule ule uliofungwa.

Nilingoja anioshe mpaka miguuni. Nikamwambia, “Nimekusikia, wifi.”

Mikono yake ilisimama. Maji yalidondoka kutoka kwenye kitambaa.

“Umesikia nini?”

“Kwamba umechoka nami.”

Nilifikiri atakana. Alikamua kitambaa, akakitundika, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo hajawahi kulifanya, maana kwa adabu zetu hawezi kukaa sawa nami.

“Nimechoka, Losaline,” akasema. Hakusema wifi. “Nimechoka tangu mwaka wa kwanza. Wewe je, hujachoka?”

Nikasema nimechoka.

“Basi tumechoka wawili,” akasema, akainuka kwenda kumimina maji.

Ajabu ni kwamba sikuumia. Miaka mitatu watu wananiambia si kitu, mimi si mzigo, ni baraka kunihudumia. Huyu ndiye wa kwanza kusema kweli chumbani humu. Nilijikuta nasema amina, na ndilo neno la kwanza nililomwambia Mungu tangu siku ile kanisani.

Jumapili, 30 Januari

Nimefikiri jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Talita hulala sakafuni kando yangu kila siku, ili nikiita anisikie. Manase hulala kibandani, peke yake. Miaka mitatu. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Jumanne, 8 Februari

Mama yake Talita amefariki, kwenye kisiwa chao upande wa kaskazini. Talita ameondoka na mashua ya asubuhi, amevaa nyeusi na mkeka mkubwa wa msiba uliochakaa, unaomfika kifuani. Alishaniagiza kwa akina mama wa jirani watakaoshika zamu: dawa saa ngapi, upande gani nisilalie. Mlangoni aligeuka akasema, “Usinifie nikiwa huko.” Nikamwambia nitajitahidi.

Jumanne, 15 Februari

Redio inasema kuna kimbunga, kinakuja kutoka kaskazini-magharibi. Joto, hakuna upepo hata kidogo. Manase anapigilia mbao madirishani. Kila akifika dirisha langu anakohoa.

Jumapili, 20 Februari

Niko hai. Naandika nikiwa kanisani, kwenye kona ya kwaya, ambako sasa tunaishi watu wengi. Vidonge vimekwisha na mkono unauma, lakini sitaki kulisahau hili.

Jumatano asubuhi zamu ilikuwa ya Ofa, binti wa jirani mwenye watoto wadogo. Upepo ulipoanza kupiga mluzi nilimwambia akimbilie wanawe. Alisita, nikamfokea, akaenda. Nilidhani bado kuna muda. Saa ya mchana giza liliingia kama jioni. Bati la kwanza liling’oka upande wa jiko, la pili juu ya mlango. Mvua ikaingia ikinipiga usoni kwa upande, kama mchanga. Nilikuwa nimejichafua, kwa hofu na kwa kukosa wa kunisaidia, na nikawaza: nitafia hapa, katika hali hii, na watanikuta hivi.

Kisha nikasikia kikohozi mlangoni.

Alikuwa amesimama kizingitini, maji yanamtoka mwilini, kichwa amekigeuza asinione. Nyumba inabomoka naye bado amegeuza kichwa.

“Dada,” akasema. “Naomba ruhusa.”

“Manase, mimi ni mchafu.”

“Naomba ruhusa, dada.”

“Ingia,” nikasema.

Akaingia. Hatukuwa tumeangaliana ana kwa ana tangu utoto, na niliona amezeeka, mvi kwenye nyusi. Hakusema kitu juu ya hali yangu. Alichukua kitambaa cha gome kilichokuwa ukutani, kile nilichokipiga mimi kwa harusi yake, akanikunja ndani yake, akapiga magoti akanivuta mgongoni na kunifunga kifuani mwake kama mama anavyofunga mtoto. Maumivu yalikuwa makubwa mno, nilipiga kelele. Alinyanyuka hivyo hivyo.

Kanisa letu ni la mawe, ndilo jengo pekee la kutegemewa. Kutoka kwetu hadi kule ni karibu kwa mwenye miguu. Siku ile ilikuwa safari. Maji yalikuwa magotini, minazi inalala. Bati moja lilipita chini, likamkata Manase nyama ya mguu. Nilihisi mwili wake ukishtuka, lakini hakusimama. Sikusali sala ndefu. Niliomba jambo moja tu, asianguke. Akipiga hatua naomba, akipiga nyingine naomba tena.

Katikati ya njia alisimama kujikinga nyuma ya ukuta wa shule, akavuta pumzi.

“Zamani wewe ndiye uliyenibeba,” akasema.

“Ulikuwa mzito,” nikamjibu sikioni. “Na ulikuwa unalia.”

“Wewe umekuwa mwepesi mno, dada. Talita hakulishi?”

“Ananilisha. Ugonjwa ndio unaokula.”

Nikahisi mgongo wake ukitikisika. Alikuwa anacheka. Na mimi nilicheka, pale, katika uchafu wangu, mvua ikinichapa. Kisha akainama akaingia tena kwenye upepo.

Kanisani akina mama walinipokea, wakanisafisha nyuma ya pazia la sakristia. Manase alikwenda kukaa upande wa pili kabisa, akafungwa mguu, na uso wake ukarudi kuwa wa upande.

Kelele ya upepo siwezi kuieleza. Watoto walilia mpaka wakaishiwa. Baadaye mlango ulifunguliwa, wanaume wakamwingiza Kalolaine. Nyumba yake ilikuwa imemwangukia, mkono wake wa kulia umevunjika, na mumewe hakujulikana alipo. Walimlaza penye nafasi, na nafasi ilikuwa karibu yangu. Alinitazama, akatazama pembeni. Alikuwa anatetemeka meno yakigongana. Nilikuwa na kile kitambaa cha gome. Nilimsukumia nusu yake kwa kiwiko.

Tulikaa hivyo saa nyingi. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, “Ile ndoto niliiota kweli. Sikukudanganya.”

“Najua.”

“Basi kwa nini?”

“Sijui, Kalolaine.”

Upepo ukapiga, mawe yenyewe yakanguruma. Alishika gauni langu kwa mkono wake mzima. Akaniuliza mimi huwa nafanyaje, maumivu yakiwa hivi na mwisho wake hauonekani. Nilitaka kumpa neno zuri la Biblia. Nilitafuta, sikulipata.

“Nasubiri,” nikamwambia. “Sina lingine ninalojua. Ukishindwa saa nzima, subiri pumzi moja. Halafu nyingine.”

Akajaribu. Nilimsikia akihesabu pumzi zake, na mimi nikihesabu pamoja naye, mpaka upepo ulipogeuka.

Mumewe alipatikana asubuhi, hai, amejifunga kwenye mshelisheli.

Ijumaa, 25 Februari

Talita amerudi. Aliingia kanisani akitafuta kwa macho, bado na mkeka wa msiba. Aliponiona alikaa chini pale pale alipokuwa, mlangoni, akaufunika uso. Alikuwa ameambiwa njiani kwamba nyumba yetu imekwisha.

Jumanne, 1 Machi

Mvua tena. Tunaishi chini ya turubai upande wa kaskazini wa kanisa. Vidonge hakuna.

Jumamosi, 5 Machi

Manase ametengeneza kibanda chake kikasimama, na amenijengea changu kidogo kando, ukuta wa makuti. Talita alianza kutandika mkeka wake sakafuni kwangu kama zamani. Nilimwambia akalale kwa mumewe.

Alisema haiwezekani, nani atanigeuza?

Nikamwambia Kalolaine anakuja. Mkono wake mmoja umefungwa, yangu miwili haifai. Baina yetu tuna mkono mmoja mzima, utatosha kunigeuza. Talita alinitazama kama mtu anayesikiliza lugha nyingine. Kisha, na nilimwona, masikio yake yakawa mekundu kama ya msichana. Alichukua mkeka wake akatoka.

Ijumaa, 11 Machi

Daktari alikuja na mashua ya misaada. Amesema moyo wangu umeanza kuguswa na ugonjwa. Ataniandikia niende Nukualofa, lakini hakuahidi kitu. Nilimuuliza kama msimu ujao wa mvua nitauona. Alisema mimi ni mtu mwenye nguvu. Nilijua kwamba hilo si jibu la swali langu.

Naogopa. Nilidhani mtu aliyeumwa muda mrefu haogopi kufa. Si kweli.

Jumapili, 20 Machi

Mchungaji aliniomba nitoe ushuhuda kanisani, juu ya kimbunga na wokovu. Nilikataa. Watataka niseme kwamba sasa nimeelewa, na mimi sijaelewa. Nimesali lakini. Nasali kila siku sasa, sala fupi, ya leo tu, nimeiiba kwa Talita. Kalolaine husali kando yangu na hatuombi tena nisimame. Juzi aliniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia hilo nalo naliomba siku kwa siku. Alikubali.

Jumamosi, 26 Machi

Mvua imekatika. Kalolaine amekwenda kwa mganga wa mifupa kutazamwa mkono, hatarudi mpaka jioni. Talita alikuja kushika zamu. Amekuwa akipanda mihogo shambani tangu alfajiri, maana kimbunga hakikuacha hata kiazi kimoja cha kula. Aliniosha, akaniweka upande wa kulia ili nitazame nje, akasema ataketi kidogo tu. Akaketi ameegemea nguzo. Akalala.

Sijawahi kumwona amelala mchana. Mdomo uko wazi, udongo bado uko chini ya kucha, na uso wake umefunguka kabisa; yuko mle ndani mwanamke mwingine, mchanga kuliko nilivyodhani. Anakoroma polepole.

Nina kiu. Ni vile vidonge vipya vya daktari, hukausha koo. Kibuyu cha maji kiko juu ya sanduku, nakiona, na siwezi kukifikia. Nikiita jina lake mara moja ataamka, ataruka kama anavyoruka siku zote.

Jua limefika kwenye mguu wa kitanda. Koo linawaka. Sijamwita.